Watunzi wa nyimbo, maneno huwa mnayatoa wapi? Mimi nimehamia Pongwe yamekata

#1 Mgosi_Gitaa
Wakuu habari za jioni. Nina jambo linaninyima usingizi.

Nilikuwa mpangaji hapa Tanga mjini, Ngamiani, barabara ya 14, nyumba ya vyumba sita, uwani mmoja, bomba moja. Nimekaa miaka tisa. Kuta za nyumba ile hazikufika juu na hakukuwa na dari, kwa hiyo chochote kinachosemwa chumba cha kwanza kinasikika mpaka chumba cha sita. Mama mmoja alikuwa anatwanga kisamvu cha kuuza, kila siku baada ya alasiri. Jirani wa kushoto aligombana na mumewe kwa kunong'ona. Mimi nimelala chali, gitaa tumboni, na maneno yanaingia yenyewe. Kila wimbo niliowahi kuandika umetoka pale.

Sasa nimejenga Pongwe, namshukuru Mungu. Chumba kimoja nimekifanya cha muziki: nimebandika trei za mayai ukutani, nimenunua maiki na kompyuta. Kimya kizuri kabisa. Miezi minane sijapata hata ubeti mmoja.

Nimeanza kuamini kwamba mtunzi hatungi chochote, ni majirani wanaotunga na yeye anasikiliza tu. Nyie wenzangu mnatoa wapi?

#2 Dogo Mistari
Mgosi, mzuka haupangiwi ratiba. Tatizo lako unaanza na maneno. Mimi bit kwanza. Prodyuza ananipigia, nafumba macho naimba "na-na-na, le-le-le" bila neno lolote, narekodi na simu. Baadaye nasikiliza, naona hapa "le-le" inataka kuwa "pepea", hapa inataka kuwa "nielewe". Sauti ndiyo inayoita neno. Tafuta bit kali uache kusikiliza ndoa za watu.

#3 Bi Mafumbo
Mwanangu Mgosi, hongera kwa nyumba. Ulichokisema ni nusu ya habari.

Naandika taarab tangu nikiwa msichana Makorora na sijaimba jukwaani hata siku moja. Watu wengi hawajui kwamba kwenye taarab mwenye kidonda, mwenye kalamu na mwenye sauti wanaweza kuwa watu watatu. Mtu anakuja kwako magharibi imeshapita. Anakaa mkekani, anakunywa chai mpaka kikombe kinakauka, hajasema kilichomleta. Halafu anaanza: "Nina rafiki yangu mmoja ana tatizo." Hapo umeshajua rafiki ndiye yeye. Anakupa kisa chote, analia, anaondoka mwepesi.

Kazi yangu ni kukificha kile kisa. Mume namfanya jahazi, mke mwenzie namfanya pepo za kusi, nyumba naifanya bandari. Siku wimbo unaimbwa ukumbini yeye anainuka kumtunza mwimbaji, noti juu, na anayeambiwa yumo humo humo na anajua anaambiwa. Watu wengine wote wanafurahia sauti. Ndiyo maana Bi Shakila wa Pangani, Mungu amrehemu, alipokuwa anaimba hapa Tanga na vikundi vya Black Star na Lucky Star, mtu aliyekuwa nyuma kabisa alihisi ni yeye anayeliliwa.

Kwa hiyo mimi sikutegea ukutani. Mimi nililetewa.

#4 Babu Besi
Nimesoma. Vijana mnasema mambo ya kungojea. Sisi wa dansi tulikuwa hatungoji kitu.

Nilipiga gitaa la besi katika bendi ndogo, si ya kutajwa. Wakubwa hapa mjini walikuwa Atomic na Jamhuri. Mji ulikuwa umegawanyika kama Simba na Yanga. Jumamosi ukipiga nyimbo zilezile za Jumamosi iliyopita, watu wanahamia upande wa pili wakiwa na vinywaji vyao mkononi. Ukiitwa kwenda kurekodi Redio Tanzania Dar es Salaam huendi na wimbo mmoja, unakwenda na kapu. Hapo unatunga kwa sababu mwenzako ametunga. Hiyo ndiyo ilhamu tuliyoijua, mpinzani.

Sauti nazo tulizichukua kwenye santuri za Kikyuba, zile za GV zilizoanza kuuzwa miaka ya 1930. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua Kihispania. Tulishika mwendo wa gitaa tukapachika Kiswahili juu yake.

Nikupe kisa kimoja. Tunatoka Korogwe, gari likatuharibikia Segera usiku. Fundi akawa anagonga rimu: mbili fupi, moja ndefu, anapumzika, mbili fupi, moja ndefu. Nilikuwa nimechuchumaa namshikia kurunzi. Vidole vya mkono wangu wa kushoto vikaanza kutembea vyenyewe kwenye mpini wa kurunzi. Tulipofika Tanga alfajiri sikulala, nikaenda moja kwa moja kwenye chombo. Wimbo ule tuliupiga miaka sita, na maneno yake yalitungwa na mtu mwingine wiki mbili baadaye. Mimi nilileta rimu tu.

#5 Mahamri Moto
Shikamoo Babu. "Mimi nilileta rimu tu", hii nimeipenda sana.

#6 Abuu Tongoni
Assalaam alaykum. Dogo, hilo neno "mzuka" mnalitumia bila kulitazama. Mzuka ni kile kinachozuka kaburini. Mtu mzima anasema "nimepandwa na mzuka" halafu anashangaa nyimbo zake zinawasha watoto wa watu.

Mimi natunga kaswida za Maulidi. Baada ya alfajiri, na udhu wangu, kabla sijasema na mtu yeyote, hata mke wangu anajua. Neno la kwanza la siku likiwa la ugomvi, nafunga daftari. Ilhamu inashushwa, na kinachoshushwa kinataka chombo safi. Ndugu yangu wa Pongwe, kimya ulichopewa ni neema. Huenda hujakaa nacho vya kutosha.

#7 Dogo Mistari
Ustadh, nakuheshimu, ila mzuka kwetu ni ile hali ya damu kuchemka tu, hakuna kaburi hapo. Kuhusu kushushwa nakubali, maana John Lennon aliota wimbo wake mkubwa akiwa amelala, akaamka nao mzima.

#8 Treni ya Korogwe
Si Lennon huyo, ni Paul McCartney, wimbo wa "Yesterday" uliotoka 1965. Na hakuamka nao mzima. Aliamka na sauti peke yake. Maneno hayakuwepo, kwa muda akawa anaujaza kwa maneno ya mayai ya kuvuruga ili asiisahau. Alizunguka kuwauliza watu kama wanaijua, kwa kuogopa ameiba ya mtu.

Kwa hiyo Dogo, "le-le-le" yako ina ukoo mzuri.

#9 Dogo Mistari
Asante kwa masahihisho mkuu. Kwa hiyo mayai yako kote. Mgosi ameyabandika ukutani, mwenzake aliyaimba 😂

#10 Sauti ya Nne
Mimi ni mwalimu wa kwaya, Muheza. Huku kwetu wimbo unakuja kwa tarehe. Mchungaji anasema tamasha ni mwezi ujao, neno kuu ni hili, basi. Huwezi kumwambia mzuka haujapanda.

Ninachofanya: nachukua mstari wa Biblia, nausoma kwa sauti nikitembea. Mara ishirini, thelathini. Kiswahili kina mkazo wake, silabi ya pili kutoka mwisho, na ukisoma kwa nguvu utasikia sauti inapanda pale na kushuka mwisho. Mkazo ule ukiufuata umeshapata nusu ya wimbo. Naandika sol-fa, naanza sauti ya kwanza, nashuka. Nyimbo nyingi za siku hizi zinaniumiza sikio kwa sababu mtu ameipata tuni kwanza, halafu analazimisha neno liingie, mkazo unaangukia silabi isiyo yake. Neno "mapenzi" linageuka kitu kisichojulikana.

Dogo, nasema hili kwa upendo.

#11 Binti Mkonge
Nimeguswa na uzi huu, ngoja niseme la babu yangu.

Alikuja Tanga kutoka Songea akiwa manamba, yaani kibarua wa mkataba, shamba la mkonge upande wa Muheza. Kazi ilikuwa kukata majani na kuyafunga mafungu, majani 30 kila fungu. Alikuwa na wimbo wa kuhesabia. Badala ya kusema moja, mbili, tatu, alikuwa anataja watu aliowaacha nyumbani. Moja mama yake, mbili dada yake mkubwa, tatu yule wa pili, hivyo hivyo. Bibi alituambia kwamba watu walio hai walimwishia kwenye 22. Ikabidi aongeze marehemu ili afike 30 na kufunga fungu. Barua zikija na msiba, jina linahama kutoka huku kwenda kule, na wimbo unabadilika mpangilio.

Alituimbia akiwa mzee, huku mikono inafanya ile ishara ya kukaza kamba. Hatukuurekodi. Ninakumbuka mpaka jina la 11.

Sijui hapo mtasema ni majirani, ni mpinzani, ni bit au ni kushushwa.

#12 Mahamri Moto
Dada, umenitoa machozi na niko kazini. Andika hayo 11 leo hii, usilale.

#13 Treni ya Korogwe
Binti Mkonge, na huo mkonge nao ulikuja kwa taabu. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta 1893, ukapandwa karibu na Pangani. Miche 1,000 iliagizwa, iliyofika hai ilikuwa 62. Mashamba yote yale unayoyaona kutoka Korogwe mpaka huku ni wajukuu wa miche 62. Na watu waliokuja kuyakata walikuja na ngoma zao. Jamhuri Jazz anayoisema Babu Besi, kabla ya kuitwa hivyo iliitwa Young Nyamwezi. Jina lenyewe linaonyesha watu walikotoka.

#14 Babu Besi
Kweli kabisa. Na humo Jamhuri ndimo walimoanzia ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, vijana wa hapa Tanga, wakapitia Arusha, wakaishia Nairobi na bendi yao ya Simba Wanyika. Ukisikiliza magitaa yale unasikia Tanga, ingawa walikuwa mbali. Mgosi, hao hawakuwa na uwani wa barabara ya 14. Walikwenda nao kichwani.

#15 Jirani wa Zamani
Mimi si mtunzi. Mimi niliimbwa.

Sitasema mtaa wala mwaka. Nilipoachika, vyombo vyangu vilitolewa nje na vya mwisho kutoka vilikuwa beseni la bluu lenye ufa, ndani yake nguo za mtoto zilizoloweka, hazijafuliwa. Miezi kama mitano baadaye nimo kwenye daladala natoka Mabawa kwenda mjini, redio inaimba. Nasikia beseni la bluu. Nasikia nguo za mtoto. Wimbo mzuri, sauti nzuri, abiria wengine wanatingisha kichwa. Nikashuka kabla ya kituo changu.

Aliyeuandika alikuwa anaishi ukuta wa pili. Hakunitaja jina, lakini mtaa mzima ulijua. Mgosi, yule mama wa kisamvu na yule wa kunong'ona, uliwauliza?

#16 Mgosi_Gitaa
Dada, nimekaa na ujumbe wako tangu jana.

Sikuwauliza. Wimbo wangu mmoja umetoka moja kwa moja kwa yule wa kunong'ona, maneno matatu ni yake kabisa, hata sikuyageuza. Niliupiga kwenye harusi ya mtaani na yeye alikuwepo. Kuanzia siku ile alikuwa akinikuta bombani anajaza ndoo nusu na kuondoka. Nilijidanganya kwamba ana haraka. Nilikosea, na naomba radhi hapa kabla sijamtafuta mwenyewe.

#17 Bi Mafumbo
Jirani wa Zamani, pole mwanangu. Hiyo ndiyo kazi ya fumbo. Beseni lile kwangu lingekuwa mtumbwi, nguo za mtoto zingekuwa makinda ya ndege. Ungeusikia kwenye daladala ukajua ni wewe, na ungebaki umekaa, maana ungekuwa wewe na Mungu wako tu mnaojua. Anayeacha beseni likiwa beseni hajatunga, amechongea.

#18 Babu Besi
Bi Mafumbo, nakupinga kidogo, kwa heshima. Makinda ya ndege nimeyasikia nyimbo 100. Beseni la bluu lenye ufa sijalisikia kamwe, na nimelisoma mara moja tu hapa na silisahau. Kinachomfanya mtu atingishe kichwa ni ule ufa.

Kosa lipo, sikatai. Lakini kosa ni kutoomba ruhusa. Beseni lenyewe halina hatia.

#19 Mahamri Moto
Na Siti binti Saad wa Bagamoyo je? Si alikuwa akiimba mambo ya watu waziwazi?

#20 Abuu Tongoni
Bagamoyo tena? Siti alizaliwa Fumba, Unguja. Bagamoyo mna chuo cha sanaa tangu 1981, mlikuwa na mzee Hukwe Zawose aliyewafundishia pale na ilimba yake, ile ala ya kupigwa kwa vidole gumba, na yeye mwenyewe alikuwa Mgogo. Hamjatosheka?

#21 Mahamri Moto
Nimekubali ustadh, msinipige. Mimi ni wa Chumbageni, Bagamoyo napita tu.

#22 Treni ya Korogwe
Lakini swali la Mahamri ni zuri. Siti aliimba kesi za mjini. Kuna wimbo wake unaomtaja muuaji kwa jina, Kijiti, aliyemuua mwanamke mgeni kutoka bara, na jinsi kesi ilivyokwenda mahakamani. Watu wa Unguja wasiosoma magazeti walipata habari na hukumu kwenye wimbo. Alirekodi Bombay kuanzia 1928, kwa hiyo kesi ya mtaani ikasafiri kwa santuri. Hapo asingeficha. Kuficha kungemfaa muuaji.

Na aliyeandika wasifu wake ni mtu wetu, Shaaban Robert wa Vibambani, karani wa forodha. Mtu wa ofisini, na ameacha vitabu zaidi ya 20.

#23 Bi Mafumbo
Muuaji atajwe, sina ubishi. Aliyeachika hajaua mtu.

#24 Sauti ya Nne
Hapo Bi Mafumbo amesema. Ila Treni, unataka kutuambia ilhamu ya Shaaban Robert ilitoka kwenye mihuri ya forodha?

#25 Treni ya Korogwe
Nataka kusema alikuwa na ajira na familia, na aliandika. Yanayobaki jazeni wenyewe.

#26 Dogo Mistari
Nimejaribu ya Sauti ya Nne. Nimechukua korasi yangu, nikaisoma kwa nguvu nikitembea Raskazone, watu wananiangalia. Mwalimu, ni kweli, neno "nakupenda" nilikuwa nakandamiza "na" ya mwanzo. Nimesogeza nusu mdundo, mkazo umeangukia "pe". Prodyuza kaniuliza nimefanya nini. Asante sana.

Ila bado nasema bit kwanza.

#27 Mahamri Moto
Wakati mnabishana, nani anajua yule mama wa mbaazi za nazi aliyekuwa karibu na soko la Mgandini kahamia wapi?

#28 Binti Mkonge
Yupo Msambweni sasa, asubuhi tu, saa mbili zimeisha. Na nimeyaandika majina 11. Shangazi yangu Korogwe ananiambia anakumbuka kuanzia 15 mpaka 19. Ya katikati bado.

#29 Mgosi_Gitaa
Wakuu, nimerudi na mrejesho.

Ijumaa nilienda barabara ya 14. Yule wa kunong'ona alishahama, nimepewa namba ya dada yake, nitamtafuta. Mama wa kisamvu yupo. Nilimwambia kila kitu, kwamba nimekula mkate kwa sauti ya kinu chake na sikumwambia asante. Akacheka, akanipa mchi nitwange. Nilitwanga dakika kumi mkono ukafa ganzi. Akasema, "Sasa andika na hilo."

Nilikaa uwani mpaka magharibi nikingoja. Haikuja hata herufi moja. Chumba changu cha zamani wameweka televisheni kubwa, ndiyo inayozungumza kuliko wote.

Nikapanda baiskeli kurudi Pongwe. Malori ya saruji yananipita, vumbi, nimeinamisha kichwa. Nilipokaribia nyumbani mstari ukaja, umekamilika, na mizani yake:

*Nyumba niliyoijenga, kimya kimenifukuza*

Nilisimama pembeni nikauandika kwenye simu. Kabla sijaingia ndani ikaja mingine miwili:

*Dirisha nimelifunga, ni nani ananiliza*
*Kinu na mchi kutwanga, ndiko kulikonikuza*

Halafu ikakata.

#30 Abuu Tongoni
Alhamdulillahi. Ilikuja ukiwa peke yako njiani, umeshaomba radhi, moyo umesafika. Nilisema chombo.

#31 Dogo Mistari
Ustadh hapana, ni pedali! Alikuwa anakanyaga, mguu wa kulia, mguu wa kushoto. Ile ni bit.

#32 Babu Besi
Rimu.

#33 Sauti ya Nne
Nimehesabu. Nane kwa nane, mistari yote mitatu. "Mchi" nimeipa mizani mbili, m-chi. Ukiiimba haraka itakuwa moja na mstari utapwaya, kaa nayo. "Ndiko kulikonikuza" ni tamu sana mdomoni.

#34 Bi Mafumbo
Mwanangu, umeacha kinu kikawa kinu, na mwenyewe amekuruhusu, basi sikigusi. Lakini wa kwanza usiuweke juu. "Kimya kimenifukuza" ni kiitikio hicho, kikae chini kirudiwe. Na mstari wa pili huyo anayekuliza ni nani? Sisi tutakaosikia tutadhani ni mwanamke. Amua kama unataka tudhani hivyo.

#35 Jirani wa Zamani
Mimi nadhani ni yule wa bombani.

#36 Mgosi_Gitaa
Dada, hata mimi nadhani hivyo. Ubeti wa pili sitauanza mpaka nimpigie.

#37 Babu Besi
Mpigie. Halafu Jumapili njoo Msambweni na gitaa, tupitie kwa mama wa mbaazi kabla ya saa mbili. Nina mwendo wa besi unaokaa vizuri chini ya mizani nane, sijawahi kuutumia tangu Segera.